Sahani ya Mama Jaffar

Makaa yamekolea ndani ya pasi. Dishon Kyalo anaibembeza huku na huku mlangoni mpaka jivu lipeperuke. Ni Ijumaa asubuhi, mwezi wa Ramadhani, Desemba hii ya 1999, na hapa Kibokoni, Mji wa Kale, kila mwanamume anataka kanzu yake kabla ya swala ya adhuhuri.

Kyalo anachovya vidole katika bakuli la maji na kukinyunyizia kitambaa. Wako madobi wanaopuliza maji kwa mdomo. Yeye hathubutu.

"Kanzu ya msikitini haitemewi mate," anasema, huku akiikandamiza kola kwa ncha ya pasi.

Yeye mwenyewe ni Mkristo, Mkamba wa Machakos aliyefuata kazi Mombasa akiwa kijana. Mkewe alifariki zamani. Hulala nyuma ya duka hili, hupika hapo hapo, na hula peke yake. Mtaa mzima unaujua mkono wake, lakini chakula chake hakuna aliyewahi kukionja mpaka mwaka jana.

Kwenye rafu ya juu, mbali na nguo za wateja, kuna kitambaa cheupe cha meza. Hakuna atakayekuja kukichukua. Kila Ijumaa, kanzu zikiisha, Kyalo hukishusha, hukipiga pasi, hukikunja na kukirudisha palepale.

"Nilikinunua Krismasi iliyopita, Mercy aliposema anakuja," anasema. Mercy ni bintiye wa pekee, anauza katika duka la vitambaa huko Machakos. "Nilitaka akute meza ya baba yake ina heshima."

Ili kuelewa yaliyotokea siku hiyo, yafaa kwanza kuijua habari ya sahani.

Ramadhani yake ya kwanza mtaani, jirani wa mbele, Mama Jaffar, alimpelekea futari: viazi vya nazi na kaimati, katika sahani ya maua ya buluu. Kyalo alikula akashiba, akaisugua sahani ikang'aa, akairudisha jioni ile ile. Alijiona muungwana kwelikweli. Mama Jaffar aliipokea, na futari haikuja tena.

"Nikasema basi, ni dini yangu," anakumbuka. "Nikaumia. Nikamwambia Mungu, umenileta kwa watu wasionitaka."

Kinyongo hicho alikaa nacho miaka. Kanzu za nyumba ile aliendelea kuzinyoosha, salamu zikawa za mlangoni tu, naye kila Jumapili alikwenda kanisani kuomba Mungu ampe mtu wa kula naye.

Basi Krismasi ya mwaka jana, iliyoangukia pia ndani ya Ramadhani, alipika pilau ya kuku tangu alfajiri. Alikiacha kitambaa tayari juu ya meza, akaenda kumpokea binti yake kwenye kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari. Mabasi ya bara yaliingia moja baada ya jingine, yakamwaga watu na mizigo yao. Hatimaye utingo mmoja akamwita.

"Mzee, wewe ndiye baba yake Mercy? Amesema amenyimwa ruhusa kazini. Atakuja Pasaka."

Kyalo alirudi kwa miguu. Alikikunja kile kitambaa, akaketi kando ya sufuria. Hamu ya kula hakuwa nayo.

"Nilimwambia Bwana, nimekuomba jambo moja tu," anasema. "Nililia. Mtu mzima mimi, nalilia pilau."

Jua likashuka. Ng'ambo ya kichochoro alisikia vyombo vya futari vikipangwa. Kumwaga chakula siku ya kuzaliwa Bwana aliona ni dhambi, kwa hiyo alijaza sinia, akavuka, akapiga hodi.

Mama Jaffar alifungua, akalitazama sinia, kisha akamtazama yeye.

"Kuku amechinjwa na nani?"

"Aidarus, wa sokoni."

"Bismillahi, lete," akasema, akalipokea. "Kumbe wajua kupeka chakula, Baba Mercy! Siku ile ulituregeshea sahani tupu, tena papo hapo. Kwetu sahani hukaa kwa jirani hata apate cha kutia, japo ndizi moja. Twalidhani umetukata."

"Mimi nilidhani nyinyi ndio mmenikata."

"Lahaula! Miaka yote hii?"

Asubuhi iliyofuata sinia lilirudi limejaa mahamri. Tangu hapo chombo hakijatulia upande mmoja.

Kyalo hataki mtu ageuze habari hii kuwa muujiza. Pasaka ilipita na Mercy hakuja. Usiku bado ni mrefu nyuma ya duka, na mahamri ya jirani hayazungumzi.

"Sisemi Mungu alimzuia mwanangu ili mimi nipeleke pilau. Mungu wangu hana roho hiyo," anasema. "Lakini nilimpelekea uchungu wangu, naye hakuutupa. Kama Mercy angekuja, ningefunga mlango nikala naye, na kinyongo changu kingebaki pale pale."

Krismasi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mercy ameahidi tena. Safari hii Jaffar, mwana wa jirani, naye ametoa neno: yeye na mama yake watakuja kufuturu kwa Baba Mercy, adhana ya magharibi ikilia.

Kanzu ya mwisho imetundikwa. Kyalo anakishusha kitambaa cheupe, anakinyoosha taratibu, pembe kwa pembe. Halafu, badala ya kukikunja na kukirudisha kwenye rafu, anakitandika juu ya meza yake ndogo.

"Nimechoka kukiweka safi," anasema. "Mercy akija, siku yoyote atakayokuja, namwomba Mungu akikute kina madoa ya mchuzi."