Miezi ya Zohali Niliyoimwaga Mwenyewe

Kazi yangu ni kuchora mabango na kuta. Mkasi wa kinyozi, jino la daktari wa meno, hayo ndiyo yangu. Kuna duka moja nilichora kuku, mwenyewe akadhani ni bata, akamwacha hivyohivyo kwa kunionea huruma. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa ukuta wa shule ya msingi achore sayari zote.

Binti yangu alikuwa darasa la tano shuleni hapo, kwa hiyo nilijitapa kupita kiasi. Jua halikunisumbua, lile ni duara tu. Nilipomaliza pete za Zohali nikajiona bingwa, nikapanda ngazi juu zaidi bila kuikagua. Ikateleza. Nikang'ang'ania dirisha kwa mkono mmoja, huku ule wenye brashi ukipiga hewa kama wa mtu anayefukuza nyuki. Rangi nyeupe nilikuwa nimeizimua kwa maji mengi, ubahili wangu huo, basi ikaruka kila upande. Zohali ikazungukwa na vidoa, na shati langu likapata fungu lake.

Mwalimu mkuu akatokea.

"Fundi, hivi vidoa ni vya nini?"

"Miezi, Mwalimu."

"Mbona kitabu kinasema kumi na minane?"

"Hiyo ni iliyogunduliwa. Mingine bado."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua miaka ishirini.

Binti akaanza kuazima vitabu vya nyota. Akasoma, akafaulu, akarudi shule ileile kufundisha sayansi. Siku moja akanipigia simu anahema.

"Baba, umesikia? Wataalamu wamepata miezi mipya ya Zohali, mia moja ishirini na minane kwa mkupuo! Sasa jumla ni mia mbili sabini na minne. Watoto wamehesabu yako ukutani, wamepata mia mbili sabini na mmoja. Wanataka uje uwaambie ulijuaje."

Nikamwambia goti linaniuma. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza, akauliza, "Goti lipi hilo, la kweli au la uongo?"

Niliogopa, sifichi. Mtoto amejenga maisha yake juu ya ukuta ule. Nikikiri, atajua baba yake ni mropokaji mwenye brashi. Nikinyamaza, nitawadanganya watoto wa watu mbele ya macho yake.

Nikaenda. Darasa zima lilitoka nje, likapangwa chini ya Zohali. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kisomi, lakini nilipofungua mdomo ikatoka nyingine.

"Wanangu, mimi sikujua lolote. Niliteleza kwenye ngazi. Hayo ni matone ya rangi."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu, nikimsubiri binti aseme neno.

"Baba," akasema, "lile shati nani alilifua?"

Nilikumbuka beseni, na mikono yake midogo ndani ya povu.

"Nililisugua mpaka vidole vikachubuka. Kwa hiyo nilijua tangu siku ileile. Vitabu nilivianza ili nikuumbue mbele ya mama."

"Sasa mbona hukuniumbua?"

"Kila nikipata kitabu kipya, miezi imeongezeka. Miaka ishirini nakutafutia ushahidi, sijaupata. Nikaona heri useme mwenyewe."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia mbele ya darasa zima. Akanisubiri nijifute, kisha akanipa brashi na kopo la rangi nyeupe.

"Imebaki mitatu. Panda, ngazi nashika mimi."

Safari hii niliikagua kwanza.