Juu ya Mgongo wa Kahuzi

Nakumbuka Jumapili moja ya mwaka 2019, mwanangu, hapa hapa Johannesburg, siku niliyoona ndani ya kuta za watu bila kuruka ukuta wa mtu. Najua wewe uliyezaliwa huku utanijibu kwa Kiingereza. Si neno. Nijibu utakavyo, lakini nisikilize kwa Kiswahili, maana jambo lenyewe lilinifika kwa Kiswahili. Wala usinicheke kwamba najifanya mzee na mvi zangu bado zinahesabika. Mji huu humzeesha mtu kabla ya siku zake, na mwenye la kusema asingoje mpaka meno yamtoke.

Wakati huo nilikuwa msusi katika saluni moja ya Rosettenville, si mbali na uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein. Nilikuwa na baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, jina lake Mugisho. Sote ni watu wa Bukavu. Yeye alitangulia kuja huku miaka mingi. Alianza kwa kusukuma mikokoteni ya mizigo kwenye maduka ya jumla kule mjini, kisha akawa mtunza farasi katika mabanda ya Turffontein, na uzeeni akawa mlinzi wa kiwanja kimoja kikubwa chenye majani, pembezoni mwa mji. Hapo mwenye kiwanja alimruhusu kufuga farasi wake.

Ndiyo, farasi wake mwenyewe. Na usiwafikirie wale wa mbio, wenye miguu myembamba na wasiwasi mwingi. Huyu alikuwa farasi wa kukokota, wa aina iitwayo Percheron. Jina hilo ni la Kifaransa, na Baba mkubwa alilitamka kwa madaha kama mtu anayemtaja shemeji yake tajiri. Zamani farasi huyo alivuta magogo, baadaye akavuta magari ya maharusi. Bwana wake alipohamia ng'ambo hakupatikana wa kumchukua, kwa sababu alikula sana na siku hizi hakuna mwenye haja ya kukokotewa kitu. Baba mkubwa akamchukua, akampa jina la Kahuzi.

Siku ya kwanza kumwona nilisahau hata kusalimu. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, yenye mabaka kama ukungu unaoanza kuondoka. Mgongo wake ulipita kichwa changu, na kwato zake zilikuwa pana kama sufuria ya ugali. Nikasimama mbali, mgeni mwoga. Kulikuwa na kuku akidonoadonoa chini ya tumbo lake. Kahuzi aliinua mguu apige hatua, akamwona yule kuku amesimama pale pale alipotaka kukanyaga. Basi aliushikilia mguu hewani, mwanangu, mguu mzito kuliko mimi, mpaka kuku alipomaliza shughuli zake akaondoka. Ndipo akauweka chini taratibu. Machozi yalinitoka na sikujua sababu. Sikuwahi kuona nguvu kiasi kile ikikaa pamoja na adabu kiasi kile.

Ndugu zetu hawakuyaona hayo. Wao walilalamika. Mnyama asiyelima, asiyekamuliwa, asiyeliwa, ana faida gani? Mmoja alileta mpango wa kumfunga mkokoteni akusanye vyuma chakavu. Na mimi, kwa ujana wangu, nilimwuliza Baba mkubwa kwa nini asimtafutie Kahuzi kazi, maana huku kila mtu anatafuta kazi. Alicheka sana. Akaniambia kwamba yeye alisukuma maisha yake yote na Kahuzi alivuta maisha yake yote, na sasa wote wawili wanatembea tu. Ikawa hivyo. Kila Jumapili baada ya ibada alimtandika blanketi, akapanda, wakapita polepole katika mitaa ya kusini, wakarudi walikotoka. Hawakwenda popote. Walifurahi tu, na furaha yao ilitukera watu wazima na kuwapendeza watoto.

Sasa nikwambie woga wangu, maana bila woga huo hadithi haina miguu. Wiki zile maduka ya wageni yalikuwa yanavunjwa mjini. Kila simu ilileta video ya moto. Lakini mimi nilikuwa nimejificha zamani, hata kabla ya moto. Pale saluni niliitwa Thandi, Mvenda wa Limpopo. Wengi wetu tulijiita Wavenda, kwa kuwa kwao ni mbali, na lafudhi isiyoeleweka ilipata pa kuegemea. Ndani ya teksi, zile za abiria wengi, nilikaa bubu, nikapitisha nauli mbele kimya kimya. Watoto wa dada yangu niliwakataza kusema Kiswahili barabarani. Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga, na mimi nilikuwa mtumwa mwenye bidii.

Jumapili hiyo Baba mkubwa aliniita nikamsuke Kahuzi. Nilidhani ni mchezo wa kupotezea muda, kwa sababu sikuwaza kwamba angetoka na farasi siku kama ile. Nilipofika nilimkuta Kahuzi ameoshwa anang'aa, na mzee mwenyewe amekaa kwenye ndoo, goti limevimba. Akaniambia kwamba leo hawezi kupanda. Yeye ataongoza kwa kamba, na mimi nitakaa juu.

Nilimsihi, mwanangu. Nilimwambia aniruhusu nibaki, aahirishe, angoje mji upoe. Nilimwambia kwamba mtu anayejificha hapandi juu ya kitu kikubwa kuliko vyote barabarani. Kama ni lazima Kahuzi anyooshe miguu, basi amwongoze mtupu. Akasema farasi asiye na mtu juu, watu humwuliza bei. Kisha akanishika mkono, sauti yake ikashuka.

"Furaha, mutoto yangu, watoto wa hizi barabara wananingoja kila siku ya yenga. Nikikosa leo watajua naogopa. Na mutu akiona unamuogopa, anaanza kujiuliza kama iko sababu."

Yenga ni Jumapili kwa Kiswahili cha kwetu, na mimi nilijua hakosi. Naye hakunionea huruma.

"Kule uko Thandi, hapa uko Furaha. Mupanda farasi wawili hupasuka musamba. Leo farasi iko moja tu. Suka, twende."

Nilisuka. Nilipanda juu ya kreti ya bia, na bado shingo yake haikufikika, mpaka Kahuzi mwenyewe alipoinamisha kichwa, akakileta kifuani pangu kama mteja aliyezoea. Nywele zake zilikuwa ngumu kama katani. Nikaziweka mafungu, nikasuka na uzi mwekundu wa sufu, ule ninaowasukia watoto, nikashuka nao shingo yote mpaka mabegani. Pumzi yake ilikuwa ikinipasha tumbo. Nimesuka vichwa vingi vya watu waliokuja wakilia na waliokuja wakiringa, lakini sijasuka kichwa kingine kilichotulia namna ile mikononi mwangu.

Tukasogeza bakkie, ile pikapu ya mwenye kiwanja, nikapanda nyuma yake, na kutoka hapo nikavuka mguu juu ya Kahuzi. Kuhusu msamba, nikwambie kweli: ule mgongo ulikuwa mpana kama kitanda, na hata farasi mmoja alitosha kunipasua.

Tukatoka. Mwanangu, unaijua mitaa ya huku. Ni kuta, na juu ya kuta nyaya za umeme. Nilikuwa nimepita barabara zile miaka mingi nikiona kuta tu, nikiamini kwamba nyuma ya kila ukuta kuna mtu asiyenitaka. Sasa nilikuwa juu ya kuta. Nilimwona bibi akianika soksi ndogo ndogo. Nilimwona mzee amelala kwenye kiti, gazeti limemfunika uso, mbwa amelala juu ya viatu vyake. Nikawaona watoto wanaoga kwenye beseni, nao wakaniona, wakapiga kelele wakimwita mama yao aje haraka. Mbali zaidi niliona vilima vya manjano vya mchanga wa migodini, na maghorofa ya mjini nyuma yake, na mbingu kubwa juu ya vyote. Nilikuwa nimeishi katika mji mzuri na sikuwa na habari. Na chini yangu, kila hatua, nilisikia ile nguvu ikipita ndani ya nyonga zangu. Ingeweza kubomoa ukuta wowote tulioupita, lakini ilikuwa inafuata kamba iliyoshikwa na mzee mwenye goti bovu. Nilimwambia Mungu asante kwa sauti, na ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimesema Kiswahili barabarani.

Tulipofika kwenye makutano, robot, yaani taa ya barabarani, ikawa nyekundu. Baba mkubwa akasimama, maana aliitii robot kama dereva. Ng'ambo kulikuwa na duka dogo la spaza, na mbele yake watu wengi wamekaa juu ya makreti, wanaume wengi kuliko wanawake. Wote wakageuka kututazama. Kisha wakainuka, wakaja.

Nikaushika ule msuko mwekundu kwa mikono yote miwili. Lakini walipokaribia hatua zao zikapungua, kama watu wanaoingia kanisani ibada ikiwa imeanza. Mwanaume mmoja mwenye ovaroli, aliyekuwa na chupa mkononi, alivua kofia. Sidhani kama alijua kwamba ameivua. Mtoto akanyoosha mkono, na Kahuzi akamshushia pua mpaka chini, akamnusa kiganja. Hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi. Waliuliza kwa Kizulu kama anauma, anakula nini, na nani kamsuka vizuri hivyo.

"Thandi ndiye aliyemsuka," ikasema sauti moja. "Mikono hiyo naijua."

Alikuwa MaKhumalo, mteja wangu wa tangu nilipofungua kiti pale saluni, mama mnene mwenye sauti ya kusimamia kwaya. Alikuja mpaka miguuni pangu, akaniangalia juu, mkono wake umetua begani kwa farasi.

"Anaitwa nani?"

Nikasema anaitwa Kahuzi. Akasema jina hilo halijui, akaniuliza ni la wapi. Watu wote wakageuza nyuso kunisikiliza. Nilimtazama Baba mkubwa anisaidie, lakini yeye alikuwa anaiangalia robot, ingawa ilikuwa imeshageuka kijani. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwanangu, umeshavaa viatu. Kisha Kahuzi akavuta pumzi, mbavu zake zikapanuka, zikaisukuma miguu yangu huku na huku. Nikaona aibu kumtaja kwa uongo mbele yake.

"Ni mlima wa kwetu," nikasema. "Kwetu Bukavu. Congo."

Yule wa ovaroli alimtazama Kahuzi kuanzia mkiani, akapanda taratibu mpaka masikioni.

"Na huko kwenu milima yote ni mikubwa hivi?"

Nikasikia mdomo wangu ukimjibu kwamba huyu ndiye mdogo wao. Watu wakacheka, nami nikacheka mpaka nikamshika Kahuzi shingo nisianguke. MaKhumalo peke yake hakucheka. Alingoja tumalize.

"Mama yangu mzazi alikuwa Mvenda," akasema. "Siku ya kwanza nilikusalimu kwa Kivenda, ukaniuliza kama maji ni ya moto sana. Nimekaa nikingoja uniambie mwenyewe. Basi farasi nimemjua. Wewe unaitwa nani?"

"Furaha."

Alilisema akalikosea, akalisema tena mpaka likakaa sawa mdomoni mwake. Siku zote nilizokaa mji huu hakuna aliyenipa heshima kubwa kuliko hiyo.

Sikudanganyi kwamba hatari iliisha. Wiki ile ile duka jingine lilivunjwa, na nilipoandika jina langu la kweli kwenye kioo cha saluni, wateja wawili hawakurudi. Lakini waliobaki walikuwa wangu, na mimi nilikuwa wao. Asiyekujua hakuthamini, na nilikuwa nimewalaumu watu kwa kutonithamini huku nikiwazuia wasinijue. Baba mkubwa tulimzika baadaye, na Kahuzi alimtangulia kidogo. Kila nipitapo makutano yale natazama juu, mahali kichwa changu kilipokuwa siku ile.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Usijikunje ili watu wakuvumilie, kwa maana mtu aliyejikunja haonekani wala haoni. Ukipewa ukubwa wowote, uwe wa mwili, wa elimu au wa fedha, kumbuka ule mguu uliongoja kuku apite. Na uwe na kitu kimoja maishani usichokitafutia kazi, utembee nacho polepole mbele za watu, hata ndugu wakuone mjinga. Hujui ni nani anayekingoja dirishani.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe mgongo mpana wa kukubeba siku miguu yako itakapokataa, na mzee wa kushika kamba mpaka uizoee njia. Na siku watakapokuuliza jina, usiwe na jingine la kuwapa ila lile ulilopewa na mama yako.