Siku Tuliyozima Spika Kirumba

Mwanangu, iko siku moja ambayo hata sasa ikinijia naacha ninachokifanya. Nilikuwa msichana, sijaolewa, nafanya kazi na baba yangu pale Kirumba, Mwanza, si mbali na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Baba alikuwa fundi wa kusubu sufuria. Aliyeyusha alumini chakavu, pistoni za injini na vyombo vilivyotoboka, akamimina kwenye mchanga, nami nilivuta mvukuto tangu nikiwa mdogo.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitu tulivyovikosa utotoni vikajaa madukani, na kila mtu akataka sauti kubwa: wenye harusi, makanisa, vyama vya siasa vilivyokuwa vinaanza. Jirani yetu, Fundi Salumu, aliunda amplifaya na kuzikodisha. Kilichomtesa ni joto. Ndani ya amplifaya kuna transista, vidude vidogo vinavyobeba kazi yote ya kukuza sauti, navyo vikifanya kazi vinachemka. Visipopata pa kutolea joto vinaungua. Huwa vinafungwa kwenye kipande cha alumini chenye mapezi, sisi tulikiita kipoozeo, lakini vilivyotoka nje vilikuwa vya shida kupatikana. Basi nikaanza kumsubia mimi.

Usidhani ilikuwa rahisi. Nilichonga umbo la mbao, nikalishindilia kwenye mchanga, nikamimina. Mapezi yakiwa membamba, alumini iliganda kabla haijafika mwisho. Mara nyingi nilifukua kitu kama kitana kilichong'oka meno, Baba akacheka, nikakirudisha motoni. Upande wa kukalia transista niliusugua kwa msasa juu ya kioo mpaka ukanyooka, maana pakibaki mwanya joto halipiti.

Siku hiyo ninayokwambia tulikuwa tunajaribu kipoozeo kipya, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kusubu. Umeme ulikuwa umekatika, tukaunga amplifaya kwenye betri ya gari. Mvua kubwa ilikuwa imetoka kupita, ikaacha ukungu mzito juu ya ziwa, hata mitumbwi iliyofungwa pale ufukweni huioni vizuri. Ndipo akaja Lukas, mume wa dada yangu Kabula, anakimbia. Shikamoo ya Baba haikumtoka.

"Mtumbwi wa visiwani haujafika," alisema. "Kabula yumo, na mtoto. Wavuvi waliwapita kabla ya mvua, injini imezima, wanapiga kafi."

Baba alisimama. Fundi Salumu alishabeba betri. Tukavipeleka vyote mpaka ukingoni mwa maji, tukaelekeza spika mbili za honi kule kwenye weupe wa ukungu, na Lukas akashika maiki.

"Kabula! Huku! Fuateni sauti!"

Alirudia na kurudia. Watu wakakusanyika, wengine wana ndugu zao mle mle. Fundi aliongeza sauti mpaka mwisho, halafu akaniambia niweke mkono kwenye kipoozeo. Mwanzoni kilikuwa vuguvugu. Baadaye nikawa naweka na kutoa. Baadaye tena nikashindwa kabisa kugusa, na harufu ya rangi inayoungua ikanifika puani.

Mtu mmoja akaja na ndoo. "Mwagieni maji!"

"Maji yakiingia ndani tumekwisha," Fundi alimjibu. "Transista nyingine sina. Zinatoka Dar."

Kisha akanigeukia. "Minza, wewe ndiye uliyekisubu. Kitabeba?"

Mwanangu, kila mtu pale alikuwa ananitazama mimi. Lukas alishusha maiki, macho mekundu. Nilitaka sana kusema ndiyo. Kazi ya mikono yangu ile, na dada yangu yuko majini, ningesemaje kwamba haitoshi? Lakini mkono wangu ulikuwa unajua.

"Hakibebi," nikasema. "Zima kipoe kwanza. Kikiungua hatutaita tena."

"Shemeji una wazimu?" Lukas alipiga kelele. "Tunyamaze wakati wanazama?" Akainua maiki tena.

Hapo Baba akamshika mkono. Kwa desturi yetu mtu na mkwewe hawagusani hivyo, na watu wote waliona. "Lukas, aliyeko majini ni mwanangu. Na huyu anayesema tuzime ni mwanangu. Zima."

Fundi akazima.

Ukimya ule sijausahau. Nilikuwa napepea mapezi kwa kipande cha boksi, machozi yananitoka, na moyoni nasema nimemuua Kabula kwa mdomo wangu. Mawimbi yalipiga. Ndipo mama mmoja muuza dagaa akainua mkono juu.

"Sikilizeni."

Ko, ko, ko. Mtu alikuwa anagonga ubao wa mtumbwi kwa kafi. Walikuwa wanatujibu, pengine tangu mwanzo, na sisi kwa kelele zetu hatukuwasikia. Lakini sauti haikutoka mbele yetu. Ilitoka mkono wa kulia, na karibu.

Baba alibadilika uso. "Kule ni kwenye mawe," alisema.

Unayajua mawe ya Mwanza, mengine yamejificha chini ya maji kidogo tu. Tulikuwa tunawaambia wafuate sauti, nao kwa utii wakaifuata moja kwa moja, na kati yetu na wao kulikuwa na mawe yale.

Nikagusa kipoozeo. Kilikuwa bado cha moto, lakini mkono ulivumilia. "Sasa," nikasema. "Maneno machache."

Safari hii Lukas hakupayuka. "Acheni kupiga kafi! Mbele yenu kuna mawe! Kaeni hapo, tunawafuata!" Akarudia mara moja. Kukatoka mlio mkali, kisha moshi, na amplifaya ikafa.

Wavuvi walishaingia majini na mtumbwi wao, wakienda taratibu kwa kufuata ule mlio wa kafi. Tulisubiri, hatuoni kitu, tunasikia tu wakiitana. Walipotokea kwenye ukungu wakiwavuta kwa kamba, Lukas aliingia ziwani na viatu vyake. Wote walikuwa hai. Mtoto alikuwa amelala.

Kabula aliponifikia hakunikumbatia. "Mlinyamaza," alisema. "Nikadhani mmetuacha." Ilipita muda mrefu kabla hajanielewa, na sikumlaumu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Unapomwita mtu unayempenda, mwanao, mume au rafiki, usimwite bila kupumzika. Nyamaza kidogo usikie anakujibu kutoka wapi, maana huenda njia unayomwitia ina hatari, nawe hujui. Na ukiulizwa juu ya kazi ya mikono yako, sema ukweli wake hata kama watu wamekukazia macho, hata kama utaonekana huna huruma. Nawe mwenyewe usijibebeshe mpaka uungue. Tafuta pa kutolea joto lako, kisha urudi kazini.

Mwenyezi Mungu akupe sikio jepesi na mkono unaojua. Kila unayemwita, akufikie salama.