Siku Nilipokumbatia Mkorosho wa Mzee wa Baraza

Aibu hii nilitaka nizikwe nayo, lakini najua wake zenu wameshawasimulia, basi bora mnisikie mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa korosho wanafika mpaka kwetu Chiungutwa, na mimi nimeacha jembe mwaka wa sita huo, nauza mitumba Masasi mjini (nina suti, nina miwani ya jua, nimekuwa mtu). Niliposikia jirani yetu Baba Zuhura anaokota korosho kwenye mikorosho yetu saba ya mpakani, sikumuuliza mtu, nikakimbilia mahakama ya mwanzo kufungua kesi.

Siku ya kesi mke wangu, Mama Stela, akaniambia, "Ningoje nimalize kuanua muhogo, tufuatane." Nikamjibu kesi haingoji muhogo, nikapanda baiskeli nikaondoka.

Hakimu alikuwa mama mmoja mpole, anaandika taratibu, na pembeni yake wazee wawili wa baraza. Nikamwomba hukumu leo leo, maana wanunuzi wako njiani. Akaniuliza kama mikorosho yenyewe naijua.

"Mheshimiwa, nimeipanda kwa mikono hii. Hata nikifungwa macho naijua."

Akafunga daftari. "Basi twende ukatuonyeshe."

Nikatangulia mbio na suti yangu, mahakama nzima inahema nyuma, nikakata vijia ambavyo (sasa ndiyo nasema ukweli) sikukitambua hata kimoja, nikafika penye mikorosho iliyopaliliwa vizuri, nikaukumbatia mmoja. "Ndiyo hii, Mheshimiwa. Naipenda kama wanangu."

Mzee mmoja wa baraza akakohoa. "Mheshimiwa, hapa ni kwangu. Mikorosho hii nimepanda mimi."

Baba Zuhura akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba kesi ifutwe pale pale, na kusema kweli ningekuwa hakimu ningeifuta. Mama yule hakucheka. Akaniuliza, "Shamba lenu analima nani?" Nikamtaja mke wangu, kwa sauti ndogo.

"Aitwe. Tutamsubiri."

Jamani, yule mama alisubiri. Jua linawaka, lori la wanunuzi likapita tunaliona, na yeye ametulia kivulini kama yuko kwake. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yeye saa ile.

Mama Stela akaja na vumbi la muhogo mikononi, akawaamkia wazee shikamoo, akatupeleka polepole hadi mpakani. "Chimbeni hapa shinani. Wakati wa kupanda nilifukia vyungu vilivyotoboka, nikavijaza maji yachuruzike kwenye miche."

Hakimu akamwambia Baba Zuhura achimbe mwenyewe. Chungu kikatoka. Akachimba na shina la pili, kikatoka kingine. Akaweka jembe chini. "Mheshimiwa, hii si yangu."

Hapo sasa hakimu hakukawia hata kidogo, akaandika daftari likiwa gotini: mikorosho yote saba ni ya aliyeipanda, Mama Stela. Mimi nimetajwa mara moja tu, kwamba nilipotea njia.

Nimeapa sikimbilii tena mahakama wala mahali popote bila yeye. Mpaka leo, msimu ukifika, namwomba ruhusa twende tukaokote. Yeye hunijibu, "Ningoje nimalize kuanua muhogo." Nami nakaa kizingitini, nangoja.