Mashine Iliyomeza Kaseti ya Shangazi

Siku ile tulikuwepo watu sita. Mimi. Mdogo wangu anayenifuata, aliyerudi kutoka ng'ambo kula Krismasi na masanduku mengi kuliko ya bibi harusi. Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, aliyekuwa akimenya ndizi za mtori. Shangazi yetu, aliyekuja kutoka Kilema amevaa viatu vyake vya misa. Mume wa shangazi, aliyemfuata kwa mbali kama mtu aliyepotea njia. Na mzee jirani yetu, ambaye hakosekani popote mbuzi anapochinjwa. Mbuzi naye alikuwepo, ingawa hakukaa hadi mwisho. Na juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa cha kufuma, ilikuwepo mashine.

Niieleze mashine kwanza, maana wengi hawakuwahi kuiona na hawatakuja kuiona. Ilikuwa nyeusi, ukubwa wa tofali la kuchoma, na kioo kidogo cha kuonyesha maandishi. Haikuwa na mahali pa kuweka kaseti wala sidii. Mdogo wangu aliileta Krismasi iliyotangulia, siku ambazo hata wazee wa kwetu huku juu ya Kiboriloni walikwisha kuanza kutembea na simu shingoni. Jirani aliizunguka mara kadhaa, akainama, akaichungulia nyuma.

"Haina mdomo hii. Nyimbo inakula wapi?"

"Mzee, nyimbo haziko humu," mdogo wangu alimjibu. "Zinakaa ng'ambo, kwenye mitambo ya kampuni iliyoitengeneza. Hii inaziita tu kwa mtandao, zinakuja."

"Zinakuja bila nauli?"

Hazikuja bila nauli. Zilikuja kwa vocha zangu. Mimi nauza mitumba sokoni Kiboriloni, na kwa wimbo mmoja wa kwaya mashine ile ilikula vocha ambayo ingenitosha kuongea na wateja wangu wiki nzima. Lakini nilinyamaza, kwa sababu yule kijana nilimsomesha mimi. Wazazi wetu walipokufa, mmoja nyuma ya mwingine, niliacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba. Mimi nikashika kamba ya ng'ombe, yeye akashika kalamu. Mtu ukishapalilia mgomba miaka yote hiyo, unataka kuona umezaa nini. Ukizaa tofali linaloimba, unapiga makofi.

Shangazi alikuwa na kaseti moja. Ilirekodiwa siku ya harusi yake, katikati ya miaka ya themanini, kwa redio ya kuazima, wakati maduka ya Moshi yalipokuwa yameanza kuwa na vitu tena. Ndani yake baba yetu, kaka yake shangazi, anasikika akimwambia bwana harusi mbele ya ukoo mzima: "Huyu sijakuuzia. Ukimchoka usimpige, usimtukane. Mrudishe, njia ya kwetu haina geti. Na hiyo migomba unayomwonyesha leo ni yake mpaka afe. Mwanamke mwingine asikate hata jani." Halafu anasikika bwana harusi, sauti nyembamba ya mtu aliyebanwa na suti ya kuazima: "Nimesikia, shemeji. Mbele ya watu wote hawa, naapa."

Miaka ya baadaye, bwana harusi yule alipozidiwa na pombe akaanza kelele, shangazi hakujibizana naye. Aliweka kaseti. Mzee akisikia sauti ya marehemu shemeji yake, alikwenda kulala kwa ng'ombe. Baba alikuwa kaburini miaka mingi na bado alikuwa akimlinda dada yake kwa betri za redio.

Kisha kaseti ikachoka, ikawa inalia kama paka. Krismasi ile aliyoleta mashine, mdogo wangu akasema hilo ni jambo dogo. Alikusanya kaseti zote, ile ya shangazi na zetu za dansi na za kwaya, akaziingiza kwenye kompyuta yake, akarudi nayo ng'ambo, na huko akazipandisha sauti zake kwenye mitambo ya kampuni. Kompyuta yenyewe ilikuja kufa, lakini hilo halikumsumbua.

"Shangazi, sauti ya Baba haifi tena," alimwambia. "Hata nyumba ikiungua."

Shangazi alimbariki, akamtemea mate kifuani kama ilivyo desturi. Hakuna aliyeuliza je, ikiungua kampuni. Na kweli mwezi uliofuata tuliiita sauti ikaja, safi, bila paka. Shangazi alikaa mbele ya kabati mikono mapajani, akasema, "Amepona kifua."

Sasa mwaka ule mume wake akaanza kumwonyesha mwanamke mwingine mipaka ya migomba ile ile. Alipokumbushwa kiapo alisema, "Kiapo gani? Mimi siku ile niliomba maji tu." Ndiyo maana shangazi alimwambia twende kwa kaka yangu Krismasi, ukajisikie mwenyewe. Naye akaja, kwa sababu ya mbuzi.

Baada ya supu, mdogo wangu aliondoa kile kitambaa kwa vidole viwili, kama padri anayefunua kikombe. Akabonyeza. Kioo kikawaka, kikaandika kitu. Akakisoma. Akakisoma tena. Akazima, akawasha.

"Ni mtandao," alisema. Akachukua kidude cha intaneti, kile kilichokula vocha zangu, akakifunga kwenye nguzo ya kuegemeza mgomba, akakiinua juu ya paa. Tukamwona uani akizunguka na nguzo yake kama anayebeba msalaba wa Ijumaa Kuu. Akarudi, akabonyeza, akasoma.

"Imeandika nini?" shangazi aliuliza.

"Inasema kifaa hiki hakihudumiwi tena. Kampuni imefunga ile huduma."

"Leo ni sikukuu. Watafungua kesho kutwa."

"Wamefunga moja kwa moja, Shangazi. Wanasema tununue kifaa kipya. Na tulivyowapa watutunzie vyote... wamevifuta."

"Na kaka yangu yumo ndani?"

Mdogo wangu alikaa chini.

Nilipomwangalia nikakumbuka wale wanunuzi binafsi wa kahawa waliotujia soko lilipofunguliwa. Msimu wa kwanza walikuja na magari, wakawaamkia shikamoo hata vijana. Msimu wa pili walikuja na mizani yenye haraka ya kushuka. Wa tatu ukaenda na gunia lako mgongoni, ukakuta ghala limefungwa na mbuzi wamelala barazani. Siku zile nilidhani ni tabia ya wanunuzi wa kahawa. Hata hivyo sokoni kwangu, mtu akikuuzia redio mbovu, Jumanne ya soko utamkuta pale pale, na ukimshika shati atakupa hata maelezo. Hawa wa mashine hawakuwa na shati la kushika.

Mume wa shangazi alikohoa. "Mimi nilisema. Sikuapa. Hata mashine ya wazungu haina ushahidi."

Shangazi akamgeukia jirani. "Wewe si ulikuwepo harusini?"

"Nilikuwepo sana," jirani alijibu. "Ila nilikaa karibu mno na pipa la mbege. Nalikumbuka pipa."

"Basi nipeni kaseti yangu."

Kisu cha mdogo wetu wa kike kikasimama katikati ya ndizi. Alinitazama mimi, akamtazama kaka yake, kisha akasema polepole, "Iko shambani."

"Shambani inafanya nini?"

"Inafukuza ndege."

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu alipomaliza kuzipitisha zile kaseti kwenye kompyuta alisema ni takataka, zitupwe. Mdogo wetu wa kike hajawahi kutupa kitu katika maisha yake. Ulezi ulipotoa masuke katika shamba letu la chini, tambarare, alizifumua kaseti zote, akafunga nyuzi zake kutoka mti hadi mti, kama watu wa huko wote wafanyavyo. Upepo ukivuma nyuzi zinang'aa na kuvuma, na ndege hawasogei. Alizifumua akijua sauti zimeshahifadhiwa na watu wenye akili.

Jirani alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Mume wa shangazi alicheka kuliko wote, kata ya pombe yetu ya mbege mkononi.

"Ndege walikimbia?" shangazi aliuliza. Yeye hakucheka.

"Walikimbia, Shangazi. Ulezi haujawahi kuzaa kama mwaka huu. Ndio huo kwenye mbege mnayokunywa."

Mume wa shangazi aliacha kucheka. Aliitazama kata yake, akaiweka chini taratibu, mbali kidogo na mguu wake.

Hapo nikasimama. Shangazi huniita "baba", kwa sababu mimi ni mzaliwa wa kwanza na nimepewa jina la baba yake. Nilikwenda nikasimama mbele ya mume wake, nikayasema maneno yale yote, tangu "sijakuuzia" hadi "hata jani". Nikasema na jibu lake, pamoja na "shemeji" na "naapa".

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema.

"Nilikuwa mtoto. Mimi ndiye niliyeishika redio. Uliposema naapa mkono ulikuwa unaniuma, nikaomba umalize haraka."

Alitazama nje, kwenye migomba yetu. Akasema, "Nimesikia." Hakusema shemeji, wala hakuapa. Lakini alisema mbele ya watu, na safari hii jirani alikuwa bado anaona vizuri.

Mdogo wangu alitoka akaenda uzioni. Akarudi na jani la isale, amelifunga fundo kama tulivyofundishwa, akapiga magoti mbele ya shangazi na suruali yake ya ng'ambo. Kwetu mtu akikuletea isale huwezi kumkataa, hata kama amekuulia ng'ombe. Ile kampuni haijatuletea hata ukindu.

Shangazi alilipokea kwa mikono miwili. "Nimelipokea. Hasira sina," alisema. "Lakini isale linaondoa hasira, baba yangu mdogo, haliondoi deni." Kisha akanigeukia mimi. "Maneno umenipa, baba, na Mungu akubariki. Sauti nawadai."

Mwanamke mwingine hakuingia kwenye ile migomba, angalau si mchana. Mashine niliiweka juu ya mfuniko wa pipa la mbege, usifunuliwe na panya. Ni kazi isiyohitaji mtandao na inaifanya vizuri. Nyuzi zile tulizikusanya shambani, zilizopauka na zilizokatika, kila mtu na kibonge chake. Fundi redio mmoja wa mjini Moshi anaziunga kidogo kidogo, akipata nafasi. Hadi sasa amepata kwaya, amepata nusu ya dansi, na mahali fulani amempata mtu anayekohoa. Nilimpelekea shangazi akasikilize.

Alisikiliza kikohozi kile, akaomba kirudiwe, akatikisa kichwa.

"Huyo ni jirani yenu," alisema. "Endeleeni kutafuta."