Shimo la Dishi Uani kwa Bibi

Mjomba alilinunua lile dishi la futi nane kwa jirani aliyekuwa anahama mtaa wetu wa Katubuka, akaliegemeza ukutani kwa bibi na kuniambia, "Fundi, kazi yako hiyo." Ufundi wenyewe nilikuwa nimejifunza kwenye simu, peke yangu. Sikuwahi kusimika nguzo hata moja.

Niliogopa sana kukosea. Siku nzima nilizunguka uani na dira ya simu, nikichomeka vijiti na kuving'oa. Mwishowe nikachimba shimo la mraba, kona zake nikazikwangua kwa kisu mpaka zikanyooka. Nilipomaliza nikachutama nyuma yake, nikatazama mashariki, kule dishi litakakoelekea. Makuti ya mchikichi wa bibi yalikuwa yameziba njia.

Nikapima upya. Hatua tatu kusini anga lilikuwa jeupe. Nakiri, nililiona hilo vizuri. Lakini shimo langu lilikuwa zuri mno. Nikamwendea bibi, nikamwambia hakuna njia nyingine, mti ukatwe.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyonitania tangu utotoni, "mawese ya kupikia utaniletea wewe?"

"Nitakuletea."

"Ya dukani, yaliyochanganywa." Akautazama mti juu mpaka chini. "Haya. Kesho mkweaji aje ashushe mkungu wa mwisho, kisha muukate."

Kukubali kwake ndiko kulikoniuma. Asubuhi mkweaji alikuwa anafunga kamba kiunoni, bibi amesimama chini ya mti na beseni lake, nami nikashindwa.

"Bibi, mti hauna kosa. Ni mimi niliyechimba pasipo pake."

"Najua. Jana nilikuona umesimama pale pengine, ukatabasamu, halafu ukarudi hapa na uso wa mwizi wa kuku."

Mkweaji alicheka mpaka kamba ikalegea. Nilitaka kulifukia shimo, bibi akakataa. Alikuwa na mche wa mgomba, na shimo la namna ile, alisema, halitupwi. Nikaupanda na kuupima kwa timazi kama nguzo, naye akanitazama tu.

Dishi likasimama hatua tatu kusini, picha zikatoka, majirani wakajaa uani. Sasa limeliwa na kutu, watu wanatazama simu zao, na bibi hayupo tena. Mchikichi bado unazaa. Kila nikienda huchutama pale palipokuwa na shimo langu, penye migomba iliyochipua kutoka kwenye ule mche. Yote imeinama, kila mmoja na upande wake. Mikono huniwasha kuiegemezea nguzo inyooke. Naiacha.