Vikapu vya Gredi ya Nne

Wazazi wa darasa langu walinipandisha mori wiki jana. Niliwaagiza watoto wasuke vikapu kwa mikono yao wenyewe, wakaniletea vikapu vya kuuzwa dukani. Mtoto ambaye hajui kufunga kamba za viatu ananiletea kikapu chenye kifuniko.

Nikavipanga mezani, nikavipiga picha, nikaituma kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi pamoja na ujumbe wa sauti. "Wazazi, mnaniona mjinga? Mnawafundisha watoto kudanganya. Kila aliyemfanyia mtoto kazi, aandike jina lake hapa, sasa hivi." Kisha nikakaa kama hakimu nikingoja majina.

Halafu Mama Otis, anayesuka vikapu kwenye kibanda chake cha mboga hapa Mowlem, akaandika mbele ya wazazi wote:

"Mwalimu, hivyo sivijui. Mimi nilisuka kimoja tu, cha Neema, binti yako anayesoma ile shule nyingine. Uliniambia nikisuke ovyo kidogo ndio kisionekane kazi ya mtu mzima. Sasa niandike jina langu ama lako?"